Nilisema Simjui Mbele ya Baba Yake

“Luciana, wageni hawa wametumwa na kijana anaitwa Ngusa Nkwabi. Unamjua?”

Shangazi Verediana aliuliza huku anatabasamu, maana jibu alikuwa nalo tayari. Sebule nzima ilikuwa nalo. Kuku wawili walishachinjwa, wali ulikuwa jikoni unanukia mpaka kwa jirani, na baba alikuwa amevaa koti lake la Pasaka ingawa joto la Mlabani, kwetu Ifakara, siku hiyo lilikuwa la kumvua mtu shati. Kwetu msichana akiitwa mbele ya washenga huulizwa swali hilo. Akisema namjua, vigelegele. Akisema simjui, wageni wanaaga na habari imekwisha.

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye mkeka. Mbele yangu alikaa Mzee Nkwabi, baba yake Ngusa, Msukuma mrefu mkimya, kofia ameiweka juu ya goti. Alikuwa ametoka Mchombe kwa treni na ndugu yake mmoja.

“Simjui,” nikasema.

Shangazi akacheka. “Hajasikia huyu. Ngusa, mama. Ngusa wa video, kule Kibaoni.”

“Nimesikia, shangazi. Simjui.”

Kijiko kilianguka jikoni. Baba alinitazama kama mtu aliyeamka akakuta nyumba si yake.

“Luciana,” alisema taratibu, “unajua unachosema?”

“Najua, baba.”

Mzee Nkwabi alivaa kofia yake. Hakukasirika, na heri angekasirika.

“Binti amesema,” alimwambia baba. “Tumesikia. Mzee mwenzangu, tunashukuru kwa maji ya kunywa.”

“Kaeni basi mle, chakula kiko tayari…”

“Hapana. Tutakula njiani.”

Wakatoka. Chakula hawakukigusa.

Mama alinivuta mkono mpaka jikoni. Mama yangu, Margareta, hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa mtu wa kuuliza.

“Umegombana naye?”

“Hapana.”

“Kakupiga? Ana mwanamke mwingine?”

“Hapana, mama.”

“Una mimba ya mtu mwingine?”

“Mama!”

“Basi umerogwa, maana sioni kingine.”

 Moyoni nilikuwa nacheka. Nilikuwa na miaka ishirini na nilidhani nimefanya jambo kubwa.

Sasa niwaambie upumbavu huo niliutoa wapi.

Ilikuwa mwaka 1996. Kibaoni kulikuwa na banda la video la bwana mmoja anaitwa Valentino. Mabenchi ya mbao, turubai juu, runinga moja na deki moja. Ngusa ndiye aliyekuwa akiwasha jenereta, akiweka mikanda, na kutafsiri. Anasimama pembeni ya runinga na fimbo, Wahindi wanaongea, na yeye anatuambia wanasema nini.

Jumapili baada ya misa ya pili, saa nane mchana, banda linajaa. Na mkanda uliotushika mwaka ule ulikuwa wa mapenzi. Jina lake la Kihindi hakuna aliyelijua. Tuliuita Mkanda wa Mwavuli, kwa sababu msichana alikuwa na mwavuli wa njano. Watoto wawili wa shule wanapendana, wanakua, wazazi wa kijana wanakuja kuposa. Msichana anaitwa mbele ya baba zao wawili. Anainamisha kichwa.

“Hapo,” Ngusa anagonga runinga kwa fimbo, “anasema, simjui huyu!”

Banda zima: “Aaaah!”

“Tulieni! Anampima. Anataka aone kama kijana anampenda yeye au anapenda mali ya baba yake.”

Halafu steringi, yule kijana, anakuja mwenyewe. Anasimama getini, mvua inanyesha. Msichana hatoki. Siku ya pili anakuja tena. Hatoki. Siku ya tatu kijana ameloa, anatetemeka, anaimba, na msichana anatoka mbio pekupeku, mwavuli anautupa. Hapo hata wanaume wapakia mpunga walikuwa wanafuta macho kwa kola.

“Steringi hakati tamaa!” mtu anapiga kelele nyuma.

“Wewe ungeshakata, umekata tamaa ya kuoga!” mwingine anamjibu, na banda linaangua kicheko.

Niliutazama mkanda ule mara kumi na moja. Nikitoka pale naona mitaro ya Kibaoni kama bustani.

Ngusa alinipendea hapo hapo bandani. Hakuwa na maneno mengi akishaweka fimbo chini. Alinisindikiza nyumbani na baiskeli anaikokota, mimi upande huu, yeye upande ule. Miezi minane. Alijua nyumbani kwetu hatoki mtu kuolewa nje ya Kanisa, kwa hiyo akajiandikisha mafundisho parokiani. Mwanaume wa miaka ishirini na minne, anakaa benchi moja na watoto wa darasa la tatu, anakariri Amri Kumi. Watoto walimwita babu. Hilo sikulihesabu kuwa ni mapenzi. Niliona ni utaratibu tu.

Siku moja tukitoka bandani nikamuuliza:

“Ngusa, wewe ungesimama kwenye mvua siku tatu kwa ajili yangu?”

Alifikiri kweli kweli.

“Mvua hii ya Ifakara?”

“Ndiyo.”

“Ningekwenda kufunika jenereta kwanza. Likilowa lile, Valentino ataniua.”

Alicheka. Mimi sikucheka. Nilimsimulia rafiki yangu Scolastica, binti wa jirani, na yeye akaweka chumvi kwenye kidonda.

“Mwenzangu, huyo hata barua hajakuandikia. Watakuja ng’ombe wa baba yake, utachukuliwa, basi. Yeye mwenyewe ametoa nini?”

“Ananipenda.”

“Umejuaje?”

 Ndipo mkanda ukaniambia la kufanya.

Sasa turudi kwenye siku ile ya posa. Wageni walipoondoka nilijifungia chumbani na Scolastica. Haikupita saa moja nikasikia baiskeli inaegeshwa ukutani.

“Hodi.”

“Amekuja!” nilimnong’oneza Scolastica, nikamshika mikono. “Si nilikwambia? Amekuja siku ya kwanza!”

Mama alikuwa amemfuata baba aliyetoka kwa hasira, na shangazi alishakwenda kwake. Nyumbani tulikuwa sisi wawili tu.

“Nenda mlangoni. Mwambie sitaki kumwona.”

“Kweli?”

“Nenda bwana!”

Nikabana sikio kwenye pazia.

“Scola, niitie Luciana,” sauti ya Ngusa ilikuwa inahema.

“Hataki kukuona.”

“Mwambie hivi. Wazee wako stesheni. Treni inapita saa kumi. Aje tu aseme neno moja, nimekuja na baiskeli, nitampakia. Wakishapanda treni mambo yameharibika. Mwambie hivyo hivyo.”

Scolastica alirudi, macho yamemtoka. “Luciana, nenda. Huyu mtu hana mchezo.”

“Hata steringi kwenye mkanda alisema anaondoka.”

“Luciana!”

“Mwambie arudi kesho.”

Nilimsikia Scolastica akimwambia.  Halafu Ngusa alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, akijua namsikia:

“Luciana. Baba yangu hajala tangu asubuhi.”

Nikatabasamu nyuma ya pazia. Nilidhani ni maneno ya kunilainisha. Baiskeli ikaondoka.

Saa kumi treni ilipiga honi. Ile ya kwenda Mlimba.

Siku ya pili nilisuka nywele. Hakuja mtu. Siku ya tatu, nawaambia ukweli, mvua ilinyesha. Ilinyesha kubwa, ya Aprili, kuku wakajikunyata chini ya ghala. Nilivaa gauni langu la kitenge nikakaa dirishani toka saa sita mpaka saa kumi na mbili jioni.

“Unamsubiri nani?” mama aliuliza.

“Simsubiri mtu.”

“Gauni la nini?”

Nikaanza kulia. Nikamweleza yote, mwavuli, geti, siku tatu. Mama alisikiliza huku anachambua mchele. Nilipomaliza aliweka ungo chini.

“Kwa hiyo tulichinja kuku kwa ajili ya sinema.”

“Mama, nisaidie.”

“Nani mwingine alijua kwamba ni mchezo?”

“Scolastica.”

“Yule mzee alijua?”

“Hapana.”

“Baba yako alijua?”

“Hapana.”

“Basi haukuwa mchezo. Mchezo watu wote wanajua.”

Nilimsihi baba apeleke ujumbe Mchombe. Alikuwa anapiga msasa mpini wa jembe, hakuinua kichwa.

“Niende nikamwambie nini Nkwabi? Kwamba binti yangu alikuwa anafanya mzaha mbele yetu? Afadhali aendelee kuamini humjui kijana wake. Hiyo ina heshima kidogo.”

“Baba, nampenda.”

“Uliulizwa, Luciana. Nilikuuliza mimi mwenyewe kwa mdomo wangu, unajua unachosema. Ukasema unajua.”

Nikaenda bandani. Fimbo ilikuwa imeshikwa na mtu mwingine. Valentino alikuwa anakwamua mkanda uliojinyonganyonga kwenye deki.

“Ngusa yuko wapi?”

“Ameacha kazi. Amekwenda kwao.”

“Atarudi lini?”

“Mtu aliyeondoka na godoro atarudi lini, dada?”

Nilimwandikia barua nne. Nilizipeleka posta mwenyewe. Mwezi mmoja baadaye mchuuzi mmoja wa mpunga aliniletea karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwandiko wa Ngusa ulikuwa mkubwa, wa mtu anayeandika kwa nadra.

“Luciana. Barua zako nimezipata zote. Baba amepeleka ng’ombe kwa Mzee Masunga, wamepokelewa. Sherehe ni Jumamosi ya tarehe kumi na nane. Nakuomba usiandike tena, kwani hapa barua husomwa barazani. Uwasalimie mama na baba. Mimi Ngusa.”

Nilimwonyesha mama. Aliisoma mara mbili, akanirudishia.

“Unataka kwenda?”

“Ndiyo.”

“Haitasaidia.”

“Najua.”

“Hujui. Lakini nenda, usije ukanilaumu mimi nikiwa kizee. Beba mwavuli.” Alisikia alichosema. “Beba kitu cha kujifunika mvua.”

Nilipanda treni, nikashuka Mngeta, nikatembea kwa miguu kwenda Mchombe, tope mpaka kwenye mashavu ya miguu. Mpunga ulikuwa umeinama pande zote, karibu kukomaa. Nilielekezwa na wanawake wawili waliokuwa wanachota maji. Walinitazama, wakatazamana.

Mzee Nkwabi alikuwa mbele ya zizi, anamtoa kupe ndama. Nilipiga magoti pale pale kwenye tope.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba.” Alinitambua mara moja. “Umekuja na nani?”

“Peke yangu.”

“Wazazi wanajua?”

“Mama anajua.”

“Inuka. Tope hilo ni la ng’ombe.”

“Baba, nimekuja kusema kwamba namjua. Namjua Ngusa. Siku ile nilisema uongo. Ulikuwa upumbavu wangu, hakuna aliyenituma. Naomba unisamehe.”

Alimwachia ndama, ndama akaenda zake. Akafuta mikono kwenye majani.

“Nilijua kwamba unamjua,” alisema.

“Ulijua?”

“Mwanangu, nina mabinti sita. Mtoto wa kike asiyemjua mtu haingii sebuleni na mafuta yote yale usoni. Nilijua unamjua. Nilichodhani ni kwamba umemwona baba yake, ukaona hapana, siwezi kwenda kwa watu hawa wa porini wenye ng’ombe.”

“Hapana baba! Wallahi hapana!” Mimi Mkatoliki, sijui hata kiapo kile kilinitoka wapi.

“Sasa nimejua. Nimefurahi umekuja. Lakini mimi nilitumwa na ukoo. Niliporudi walikuwa wamekaa, wakaniuliza, binti amesema nini? Ulitaka niwadanganye?”

“Hapana.”

“Nikawaambia. Ukoo ukatafuta pengine. Ng’ombe wamekwenda, wamelala kwenye zizi la watu wiki ya pili leo. Yule binti wa Masunga hajanikosea kitu. Aliulizwa, akajibu.” Akaita kuelekea kwenye nyumba: “Ngusa! Mgeni wako huyu. Mpeni maziwa, halafu umsindikize. Mchana mchana.”

Ngusa alitoka. Alikuwa amekonda. Mama yake alinipa kibuyu cha maziwa ya mgando bila kuniangalia, nikanywa kwa sababu kukataa kungekuwa matusi mengine. Kisha tukaanza kutembea kurudi stesheni, baiskeli katikati yetu kama zamani.

 Mimi nikaanza.

“Ilikuwa ile ya kwenye mkanda, Ngusa. Nilikuwa nakupima.”

“Najua.”

Nikasimama. “Unajua tangu lini?”

“Tangu siku ile ile. Baba alivyotoka kwenu nilimkuta njiani. Akaniambia, amesema simjui, ameinamisha kichwa. Nikajua huyu yuko kwenye mkanda.”

“Ulijua! Ulijua naigiza, ukaniacha nikusubiri siku tatu?”

“Luciana, unajua yule msichana wa Kihindi anasema nini pale?”

“Anasema simjui.”

“Mimi sijui Kihindi. Sijui hata neno moja. Sijawahi kujua.” Alikuwa anaangalia gurudumu la baiskeli. “Natazama nyuso zao, natunga. Siku ya kwanza nilisema analia kwa sababu mama yake anaumwa, watu wakapiga miayo. Siku ya pili nikasema anampima kijana, banda likalipuka. Nikaacha hivyo hivyo. Simjui, ni mimi niliyeisema.”

Tulikuwa tumefika stesheni. Nikakaa kwenye jiwe kando ya reli.

“Kwa hiyo ni maneno yako.”

“Ni maneno yangu. Ndiyo maana nilikuja mbio. Nilitaka uje stesheni, dakika kumi tu kwa baiskeli, umwambie mzee mmoja aliyekaa juani na njaa kwamba umekosea. Ukaniambia nirudi kesho.”

“Ungevunja mlango! Ungeingia unitoe!”

“Mlango wa baba yako? Mimi Msukuma, mposaji aliyekataliwa, nivunje mlango wa Mzee Polikarpo? Ningelala kituo cha polisi.”

“Basi ungerudi siku ya pili.”

“Nilirudi.”

“Uongo.”

“Nilipanda treni na wazee jioni ile, na kesho yake asubuhi nilifika stesheni hii hapa, tiketi mkononi. Baba alikuwa amelala ndani, hasemi na mtu. Ndugu zake walikuwa wanamcheka, kwamba amekwenda mjini kutukanwa na ninyi Wapogoro. Treni ikasimama. Ikaondoka. Mimi nikarudi nyumbani.”

“Kwa nini?”

“Nilimwona peke yake.”

“Na mimi nilikuwa peke yangu! Ungenichagua mimi, Ngusa!”

Ndipo aliponitazama usoni, kwa mara ya kwanza siku ile.

“Uliulizwa wewe kwanza,” alisema. “Mbele ya watu wote. Ilikuwa zamu yako kunichagua.”

Nikaokota kijiti, nikaanza kukwangua tope viatuni. 

Tulikaa pale. Mabehewa ya mizigo yalipita, marefu, hayaishi. Yalipokwisha nikamuuliza swali ambalo mwanamke mwenye akili asingeuliza.

“Unampenda huyo wa Jumamosi?”

“Nimemwona mara mbili. Anacheka haraka.”

“Na mimi?”

“Usiniulize hilo, Luciana. Nina siku tisa.”

“Mafundisho je? Ubatizo?”

“Nilibakiza mwezi mmoja.” Akatabasamu kidogo, akachoka kutabasamu. “Wale watoto nadhani wameshabatizwa.”

Treni ya kwenda Ifakara ilipofika alinipandishia mfuko wangu dirishani. Alinyoosha mkono, akaurudisha, akashika usukani wa baiskeli. Treni ilipoanza kwenda hakukimbia pembeni yake. Aligeuza baiskeli, akaanza kuikokota kwenye tope kuelekea kwao, na mimi nikamtazama mpaka mgongo wake ukachanganyika na mpunga.

Mama alikuwa barazani nilipofika.

“Umemwona?”

“Nimemwona.”

“Na mzee?”

“Amenisamehe.”

“Hao ndio wabaya,” mama alisema. “Wanaokusamehe.” Akanisogezea kiti, akanivua viatu vyenye tope kwa mikono yake, jambo ambalo hakulifanya tangu nilipoanza shule. “Kesho unakwenda shamba na mimi. Ndege wameingia.”

Jumamosi ya tarehe kumi na nane ilinikuta juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu tunachokaa kuamia ndege wasile mpunga. Mpunga mbele, mpunga nyuma. Kwelea walikuwa wanashuka kama moshi. Kazi ya pale ni moja, kuvuta kamba za makopo na kupiga kelele tangu jua linachomoza mpaka linazama, kelele yoyote, kwa nguvu zako zote.

Nilianza asubuhi sana. Nilipiga kelele mpaka koo likachanika, machozi na kamasi vyote pamoja, jina lake na yasiyo majina. Kwenye madungu ya jirani na wao walikuwa wanapiga kelele zao. Hakuna aliyeniuliza nina nini.

Mchana mama alikuja na chakula, akasimama chini akiniangalia. Alisubiri mpaka nilipotulia.

“Shuka ule,” alisema. “Nitakushikia zamu.”

Akapanda, akavuta kamba, na mama yangu ambaye hakuwa mtu wa kupiga kelele akapiga.